Ploti Hii Haiuzwi

Mzee wa Ploti hakuwa na ploti. Afadhali niliseme hili mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema kamwe na wateja wake hawakuwahi kuuliza. Anayekuuzia nyama humuulizi kama kwake wamekula. Alikuwa ameuza vipande vya ardhi kuanzia Rongai hadi ng'ambo ya Kiamunyi, amepima kwa miguu mashamba ambayo leo yamebeba shule, makanisa na baa, na kila jioni alirudi Bondeni, mtaa wa Nakuru, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la mji, ya chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa jiko.

Nilimjua kwa sababu ofisi yake ilikuwa benchi langu. Wakati ule nilikuwa na saiba hapo Bondeni: kompyuta chache zilizochoka, printa yenye hasira za karibu, na benchi moja nje kwa ajili ya wateja wanaosubiri mtandao uamke. Asubuhi moja nilimkuta ameketi. Kesho yake alikuwa ameketi na mteja. Haukupita muda watu wakaanza kuniuliza mimi, mwenye duka, eti ofisi ya Mzee wa Ploti hufunguliwa saa ngapi. Kodi hakulipa hata siku moja. Nilipomdai alisema analinda mlango, na kwamba kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kumlipa, ila amenisamehe kwa sababu mimi ni kama binti yake.

Alivaa gambuti mwaka mzima, hata katika kile kiangazi ambacho vumbi la Nakuru huingia mpaka kwenye chai. Gambuti zenyewe zilikuwa safi kuliko sufuria zangu. Kazi ya gambuti ilikuwa kukuonyesha kwamba ametoka shambani sasa hivi, kwa ajili yako. Juu alivaa koti la suti, la kukuonyesha kwamba anaelekea ofisi ya ardhi, pia kwa ajili yako. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa mkulima, na kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa serikali, na mteja alichagua mwenyewe ni nusu ipi ya kuamini.

Tena alionja udongo. Alimpeleka mteja mpaka katikati ya shamba, akainama kwa shida ili mteja aione shida hiyo, akachukua udongo kidogo na kuuweka ulimini. Kisha akafumba macho.

"Hii itakupea viazi," alisema.

"Mzee, mimi nataka kujenga flat."

"Flat pia inataka udongo imeshiba."

Na mteja alilipa. Watu wazima, wenye digrii na magari, walilipa kwa sababu mzee mwenye gambuti amemeza udongo mbele yao.

Usidhani alikuwa mwongo. Alikuwa na ukweli mwingi, na alikupa ule ulioutaka. Akisema stima iko karibu, ilikuwa kweli. Ukipanda kilimani ungeziona taa. Akisema maji yapo, yalikuwepo. Lile ziwa la Nakuru lenye chumvi halijahama. Akisema barabara inakuja, hapo pia usimlaumu yeye, kwa maana barabara ile imekuwa ikija tangu mimi nikiwa darasa la tatu.

Kazi yake ya pili ilikuwa maandishi. Kwetu, mtu akienda kumzika shangazi yake mbali anaweza kurudi akakuta ploti yake imeuzwa na tapeli, imelipiwa, na aliyeinunua ameshapanda mahindi na anamuuliza yeye anatafuta nani. Kwa hiyo watu huandika getini au ukutani, kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mzee wa Ploti ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu maneno hayo. Mkebe wa rangi na brashi vilikaa chini ya benchi langu, bila kodi vilevile. Aliandika vizuri, herufi nene zenye mkia mdogo. Halafu chini yake, kwa herufi ndogo, aliongeza namba yake ya simu.

"Mzee," nilimuuliza, "kama haiuzwi, namba ya simu ni ya nini?"

"Ni ya mtu anataka kuuliza kama kweli haiuzwi."

"Na akiuliza?"

"Namwambia ukweli. Haiuzwi. Halafu namuuliza alikuwa anataka ya bei gani."

Pamoja na hayo yote, kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mchezo, na sijui alilitoa wapi. Mwanamume akija kuuza shamba, alimtaka kwanza amlete mkewe. Sheria ya mashamba ilitaka hivyo, ndiyo, ili mtu asije akainywa ardhi ya watoto kwenye chupa, lakini wenzake wa kazi walikuwa na dawa ya sheria: walikodi mwanamke yeyote sokoni, wakamvisha leso na kumfundisha jina. Yeye alikataa. Mke lazima aje, aketi kwenye benchi langu, aulizwe mbele ya wazee wawili kama amekubali, na ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. "Mwanaume anauza boma na bibi hajui, huyo ni mwizi," alisema, na nilimwona akifukuza biashara nono kwa sababu hiyo. Nilistaajabu sana, na bado nastaajabu.

Mkewe mwenyewe alikuwa akiuza mboga kwenye kibanda kando ya barabara. Mtaa mzima tulimwita Shosho, yaani nyanya, hata wazee wa rika lake. Alikata sukuma wiki nyembamba kama nywele huku akiangalia watu, wala sikumbuki kumwona akiangalia kisu. Aliongea kidogo. Wake wa watu walipita mbele ya kibanda chake kwenda kuulizwa kama wamekubali, na yeye, kwa kukosa ardhi, hakuwahi kuulizwa chochote. Ila alikuwa na swali lake moja, na alimuuliza mumewe hata mbele ya wateja, bila kupandisha sauti.

"Mimi nikikufa, utanizika wapi? Kwa risiti ya kanjo?"

Mtaa ulicheka, maana asiye na ardhi huzikwa makaburi ya kanjo, kwa kulipia risiti. Mumewe hakucheka. Alivuta koti lake la serikali na kusema, "Kiamunyi." Hata ploti alishaichagua. Ilikuwa ya mstaafu mmoja wa reli, kwenye mteremko ambao ukisimama unaliona ziwa. Alishampeleka Shosho akaione, akaonja udongo wake bila kuwepo mteja yeyote. Yule mstaafu aliwakaribisha chai na kuwaambia kwa upole kwamba ploti yake haiuzwi, na kama ingeuzwa, bei yake si ya watu wa Bondeni. Basi wakarudi nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa deni la maisha yake: mtu aliyewapa watu wote mahali pa kulala hakuwa na mahali pa kumlaza mkewe.

Sasa nije kwenye mambo ya mtandao. Katikati ya mwaka 2007 alikuwa amekaa ndani kwa sababu ya mvua, nyuma ya kiti changu, akinipumulia shingoni.

"Mami, hiyo unaandika hapo juu ni nini?"

"Ni anwani, mzee. Kampuni inaandikisha jina lake, halafu nukta, halafu ko na ke. Mtu akiandika hivyo anafika kwao."

"Jina wanapewa na nani?"

"Unajiandikisha tu. Wa kwanza kuandikisha ndio wake."

Mvua ilipiga mabati.

"Kwa hivyo ni ploti."

"Ni kama ploti."

"Iko na title?"

"Hati? Unaandikwa jina lako, ndio."

"Na rates?"

"Unalipa kila mwaka. Usipolipa, anapewa mwingine."

"Basi ni leasehold, ya kukodi," alisema, akasogeza kiti karibu. "Mami, angalia kama Kanga Tatu wamechukua yao."

Kanga Tatu ulikuwa unga. Kinu kilikuwa upande wa viwanda, mali ya familia moja ya Kihindi iliyokuwa Nakuru kabla ya lami, na wale ndege watatu walichorwa kwenye pakiti, kwenye malori, kwenye kuta za maduka na kwenye fulana za wanaokimbia mbio za hisani. Hakukuwa na nyumba Bondeni ambayo haikuwala kanga wale kila jioni bila kuwaonja. Nikaangalia. Jina halikuwa limechukuliwa.

"Mhindi na malori yote hayo," alisema taratibu, kama mtu anayesikitika msibani, "na hajachukua ploti mbele ya mlango wake?"

Nikamwandikisha kupitia jamaa fulani wa Nairobi aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Nilichukua ada yangu. Kazi ni kazi. Siku jina lilipotoka alikuja amepiga gambuti rangi ya viatu, akataka aonyeshwe kiwanja. Nilimfungulia ukurasa mtupu, mweupe pe. Alivua kofia.

"Ni tambarare," alisema.

"Ni tambarare, mzee."

"Haina mawe. Bikoni za mpaka ziko wapi?"

Nilimwonyesha pembe nne za kioo cha kompyuta. Akaziangalia moja baada ya nyingine, akaridhika. Akaniuliza nani anapakana naye, nami nikamwambia jirani sijui, labda mwenye jina linaloanza vivyo hivyo, akasema tutamjua siku ya ugomvi. Halafu akaniamuru niandike. Nilijua ninachoandika kabla hajafungua mdomo. Kwa muda wote uliofuata, yeyote duniani aliyeutafuta unga wa Kanga Tatu kwenye mtandao, awe Nakuru au Kanada, alikutana na ukurasa mweupe wenye herufi nyekundu, PLOTI HII HAIUZWI, na chini yake namba ya simu ya mzee wa Bondeni.

Aliyekuja kwanza alikuwa kijana wa kinu, mtoto wa mwenye mali, aliyesomea sheria Uingereza na kurudi na miwani. Alikuwa anataka kuweka mapishi ya chapati kwenye tovuti, maskini. Aliingia saiba akakataa kiti.

"Hilo jina ni trademark yetu," alisema. "Limesajiliwa kabla mimi nizaliwe. Huwezi kuchukua jina la mtu ndio umuuzie. Hiyo ni bad faith."

"Kijana, soma. Nimeandika naiuza?"

"Umeandika haiuzwi. Lakini umeweka namba ya simu. Hiyo namba ya simu ndio kesi yangu."

Nilimtazama kijana yule kwa heshima kidogo. Kumbe Uingereza wanafundisha.

"Wewe ni squatter tu, mtu wa kukaa kwa ploti ya wenyewe," aliongeza. "Hata kwa sheria inaitwa hivyo. Cybersquatter."

Habari za ukoo wa Mzee wa Ploti sijaziandika, kwa sababu alizitoa mara moja tu, na ndiyo hiyo. Alisimama. Sikuwa nimejua kwamba ni mrefu.

"Baba yangu alikuwa squatter," alisema. "Kwa shamba ya Mzungu, huko Rongai. Alichunga ng'ombe ya watu mpaka akakufa, na wakamzika kwa mpaka ndio asiharibu mahindi. Hiyo neno usiniletee hapa."

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaondoka bila kuaga. Mimi nilijifanya naitengeneza printa.

Baadaye alikuja baba mtu. Mzee wa Kinu, wafanyakazi wake walivyomwita, alizaliwa Nakuru na alijua matope yake. Yeye aliketi kwenye benchi, nje, akanunuliwa soda na kuinywa. "Mimi kesi ya ploti najua," alisema. "Nitakufa, na wewe utakufa, na wakili atajenga ghorofa. Kijana wangu anasema tutashinda. Sawa. Lakini nataka kushinda nikiwa hai. Wacha tununue tuishe." Wakakubaliana watakutana na kuuziana kama watu, baada ya kura. Mwishoni mwa mwaka ule kila kitu nchini kilikuwa baada ya kura: harusi, madeni, choo cha shule. Shosho aliposikia aliendelea kukata sukuma yake, lakini siku hiyo kwa mara ya kwanza alinifungia mboga za bure.

Kura zikaja, na Januari ya 2008 ikaja nyuma yake. Fujo zilizofuata matokeo sitazisimulia. Waliokuwepo wanajua, na makabila ya watu sitayataja, maana mwaka ule kila kabila lilitajwa vya kutosha. Nilifunga saiba. Watu waliochomewa na waliotishwa walijaa kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, mahali tulipozoea kwenda kutazama ng'ombe wenye riboni. Yule mstaafu wa reli wa Kiamunyi alikuwa miongoni mwao, na blanketi na redio.

Moshi haujaisha vizuri, wanunuzi walifika. Walikuja na magari safi, wakiwa na huruma nyingi na pesa taslimu, wakitafuta ardhi ya waliokimbia kwa bei ya kutupa. Walikuja moja kwa moja kwenye benchi langu, kwa sababu nani asiyemjua Mzee wa Ploti? Nami nilisema moyoni, haya, sikukuu yake imefika.

"Hakuna," aliwaambia.

"Mzee, tunasikia wako wengi wanataka kuuza."

"Hakuna. Muende mkanunue nyanya."

Kisha akachukua mkebe wa rangi na brashi, akavaa gambuti, na safari hii gambuti zikapata matope ya kweli. Alizunguka kwenye mageti ya waliokimbia, Kiamunyi na kwingineko, palipopitika na palipokuwa bado hapapitiki, akiandika bure: PLOTI HII HAIUZWI. Na chini yake, namba yake ya simu. Nilipoiona ile namba kwenye geti la mstaafu wa reli, sikujua nilie au nicheke, na mpaka wakati ule sikuweza kusema kama ile ilikuwa huruma au matangazo ya biashara.

"Mzee, hata hapa namba?"

"Mwenyewe akitaka kujua kama paa bado iko, atapigia nani?"

"Na akipiga mnunuzi?"

Alichovya brashi kwenye rangi na kuendelea kuandika.

Jibu nililipata mwezi wa nne, wakubwa walipokuwa wameshashikana mikono na sisi wadogo tukaambiwa tusahau. Mzee wa Kinu alituma neno: biashara imeumia, bei aliyokuwa ametaja imepungua, lakini pesa ipo, na ama ni sasa ama amwachie kijana aende kwenye kesi. Mzee wa Ploti alipiga hesabu. Pesa ile isingetosha ploti yoyote ya maana, isipokuwa ya mtu aliyechoka. Na mstaafu wa reli alikuwa amechoka. Alikuwa ametuma salamu kutoka kwenye hema kwamba sasa angeuza, hata kwa nusu.

Basi siku ya kuuza ikafika, na mzee akaiandaa kama anauza shamba la ekari hamsini. Alileta soda. Alileta wazee wawili wa Bondeni, fundi viatu wa karibu na msikiti na mzee mmoja wa kanisa, wakae kama mashahidi. Alifungua kikao kwa sala, fundi viatu akaifunga kwa dua yake. Alimwonyesha mnunuzi kiwanja, na Mzee wa Kinu, heshima kwake, aliinama mbele ya kompyuta yangu, akaangalia pembe zote nne na kusema, "Ni safi." Kijana wake aliangalia dari.

"Sasa bibi aseme," alisema Mzee wa Ploti.

"Sorry," alisema kijana, "hii ni jina la tovuti. Sheria haihitaji bibi."

"Sheria yako. Hapa tunauza kitu ya boma."

Shosho alikuwa amekaa karibu na mlango, na aproni yake ya kazini. Alisimama akajipangusa mikono. Nilimwona amenyoosha mgongo. Maisha yake yote alikuwa akisubiri kuulizwa swali hili, na sote mle ndani tulijua atakavyojibu, kwa sababu wake wote hujibu hivyo.

"Hiyo pesa inaenda wapi?" aliuliza.

"Si unajua," mumewe alisema kwa tabasamu la mbele ya wageni. "Kiamunyi."

"Kiamunyi kwa nani?"

"Kwa yule wa reli. Amekubali."

"Amekubali akiwa wapi?"

Chupa moja ya soda ilikuwa inatoa povu na kila mtu aliitazama.

"Amekubali akiwa kwa hema," alisema Shosho. "Si wewe ulienda ukaandika kwa geti yake haiuzwi? Mimi nilikuoshea hiyo brashi. Sasa unataka unilaze hapo, na mwenyewe analala kwa nyasi ya maonyesho?"

"Mama, asiponiuzia mimi atauzia mwingine."

"Basi amuuzie mwingine. Mimi sikubali."

"Unakataa ploti, ama unakataa hii ya computer?"

"Hii. Pesa ikiingia kwa hiyo koti leo, jioni uko Kiamunyi. Nakujua."

Kijana alifunua karatasi zake, akasema kwa utaratibu kwamba saini ya mama haihitajiki, sahihi ya mwenye jina inatosha, kalamu hii hapa. Na ni kweli ilikuwa inatosha. Mzee wa Ploti aliishika ile kalamu. Aliwatazama mashahidi aliowaleta mwenyewe. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kutamani kuwa mwizi kama dakika ile. Ni Mzee wa Kinu aliyeweka chupa chini. "Kama mama amekataa," alisema, akiinuka kwa magoti yake mabaya, "hakuna biashara." Kalamu ikarudi kwa mwenyewe.

Mzee wa Ploti alinuna. Alikuwa na kipaji cha kununa. Alinuna huku akila sukuma yake vizuri na kuoshewa koti. Kwenye benchi alinilalamikia mimi.

"Mami, nilimleta akubali. Sikumleta aseme."

Nilimwambia labda angekodi mwanamke sokoni, amvishe leso. Hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Mwezi wa sita yule mstaafu wa reli alirudi kwake Kiamunyi. Paa lilikuwepo. Maandishi yalikuwepo. Alipiga ile namba kusema asante, na hiyo ndiyo simu pekee ninayojua kwa hakika kwamba ilipigwa kwa sababu ya geti lile. Wakati huohuo Shosho alianza kushika ubavu. Alifunga kibanda. Mzee akawa mtu wa foleni za hospitali, amebeba chai kwenye chupa na matokeo ya vipimo ambayo hakuna aliyemfafanulia. Katika kuhangaika huko mwaka wa ile ploti yetu ulikwisha. Yeye aliyewahubiria watu miaka yote kwamba ardhi haipotei kwa vita, inapotea kwa rates, hakulipa rates. Nilimkumbusha, alinitazama kama anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. Siku jina lilipoachiliwa, kijana wa kinu alilichukua asubuhi hiyohiyo, kwa ada ya kawaida, bila kesi, bila soda na bila bibi wa mtu. Sheria, akili na Uingereza vyote vilishinda. Sasa pana mapishi ya chapati.

Shosho alikufa mvua za vuli zilipoanza. Kinu kilituma unga wa matanga, rundo zima, na kwa siku zile wale kanga watatu walitutazama kutoka kila kona ya ua ule. Mstaafu wa reli alikuja pia. Alimvuta mzee pembeni, nikiwa nasugua sufuria karibu, akamwambia kuna nafasi kwenye kona ya ploti yake, upande unaotazama ziwa, wamlaze mama hapo, wala hahitaji kitu.

Mzee alivua kofia.

"Asante," alisema. "Lakini hiyo alishakataa."

Tukamzika kwenye makaburi ya kanjo, kwa risiti, kama alivyotabiri.

Baada ya hapo mzee alilihama benchi. Hakuaga, aliacha tu kuja, na nilipotazama chini ya benchi mkebe wa rangi haukuwepo. Nilijiambia nimepumzika, sasa wateja wangu watapata mahali pa kukaa. Walikaa, wakawa watu wa kuchosha.

Nilimwona tena mwaka ukiwa unaishia. Nilikuwa nimeenda makaburini kumsindikiza jirani mwingine, na watu walipotawanyika niliamua kupitia kwa Shosho. Nilimkuta hapo, na gambuti zake, na koti lake la serikali, amechuchumaa. Makaburi ya upande ule yanafanana kama meno. Usipokuwa na alama humpati mtu wako. Alikuwa ameng'oa majani yote, amesawazisha udongo, na amechomeka kwenye kila pembe kijiti kilichochongwa vizuri. Bikoni.

"Sasa mami," alisema, bila kugeuka.

"Poa mzee. Uko salama?"

"Niko." Alichukua udongo kidogo kwa vidole. Nilidhani atauonja. Aliushika tu, kisha akaurudisha mahali pake na kuupapasa. "Ni tambarare, ama?"

"Ni tambarare, mzee."

"Haina mawe. Niliyatoa yote."

Msalaba ulikuwa wa mbao, ule wa bei ya chini, jina limeandikwa na fundi wa jeneza kwa haraka. Chini ya jina kulikuwa na herufi nyekundu, nene, zenye mkia mdogo, rangi bado mbichi: PLOTI HII HAIUZWI.

Mimi namjua mzee yule. Niliinama nikaangalia chini ya maandishi. Nikazunguka nikaangalia nyuma ya msalaba pia. Hakukuwa na namba ya simu.